KANDAKE AMANIRENAS: MALKIA MWENYE CHONGO ALIYEPATANA NA ROMA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu chama chetu kilituagiza tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu wengi wamemchagua Mekatilili wa Menza, wengine Fumo Liongo, wengine Shaka Zulu. Sina ugomvi nao. Mimi nimemchagua mwanamke niliyekutana naye ndani ya kompyuta ya shule. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mwalimu mmoja alituletea mchezo wa vita vya kale ndani ya flashi. Mchezo wenyewe ni wa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kumpa mwenziwe. Unaitwa 0 A.D., na jina hilo ni kitendawili, manake mwaka wa sufuri haujawahi kuwako. Baada ya mwaka wa 1 K.K. hesabu inaruka hadi mwaka wa 1 B.K. Unachagua taifa, unajenga nyumba, unalima, unafuga, unakata miti na kuchimba madini, kisha unaunda jeshi na kumkabili jirani. Wamo Warumi, Wagiriki na Waajemi, na wamo pia watu wa Kushi, yaani Waafrika waliokaa kando ya mto Nile katika nchi ambayo sasa ni Sudan. Lililotuvutia zaidi ni kwamba pana mahali pa kuchora ramani yako mwenyewe na kupanga pambano lako: nani aanze wapi, awe na askari wangapi, na ashinde vipi.

Basi mimi na rafiki yangu tukaamua kutunga pambano la Warumi. Yeye alimtaka Julius Caesar. Mimi nikasema huyo amekwisha kuchezwa na dunia nzima, tutafute vita ambavyo Warumi walipigana na Waafrika. Tukaenda kwa mwalimu wa historia, naye akatutajia jina la Amanirenas. Hatukuwa tumelisikia hata siku moja. Nilipoanza kusoma habari zake ndipo nilipogundua kwamba kutunga mchezo ni kazi rahisi, mpaka utake kusema kweli.

Kwanza nieleze neno Kandake. Wanaosoma Biblia wamelikuta katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, pale towashi wa Kandake malkia anapobatizwa njiani na Filipo. Wengi hudhani Kandake ni jina la mtu. La hasha! Ni cheo, kama vile Sultani au Liwali. Alipewa mwanamke mkuu katika ukoo wa kifalme wa Kushi. Yule wa Biblia aliishi baadaye. Huyu wetu aliitwa Amanirenas, na mbali na kuwa Kandake alikuwa pia na cheo cha qore, yaani mtawala mwenyewe. Kwa hivyo hakuwa mke wa mfalme wa kukaa nyuma ya pazia. Nchi aliishika kwa mikono yake.

Hapo ugomvi wetu wa kwanza ukazuka. Darasani tunafundishwa kwamba Waorma, Wasomali na Warendille ni Wakushi. Basi mimi niliyezaliwa kwa wafugaji nikajipiga kifua, eti Amanirenas ni nyanya yangu, kwa hivyo mimi ndimi nitakayekuwa Kushi siku zote, na rafiki yangu, ambaye kwao ni wakulima wa kando ya mto, awe Mrumi. Akanuna. Mwalimu alipotusikia akanivunja nguvu. Alisema wataalamu waliazima tu jina la Kushi kutoka maandiko ya kale wakalipa kundi la lugha. Lugha ya watu wa Meroe haimo katika kundi hilo, na wataalamu wengi wanaiweka karibu na Kinubi. Kumbe nyanya si wangu wala si wake! Nilitahayari, lakini ikasaidia, kwa kuwa tulikubaliana kupokezana: leo wewe Kushi, kesho mimi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ramani. Tuliuchora Nile kama tunavyoujua Tana hapa Golbanti, mto mpana unaojipinda pinda kwenye tambarare hadi baharini kule Kipini. Mashua za Warumi zikapanda mto bila kizuizi, na mji mkuu wa Kushi ukatekwa kwa dakika kumi. Nile si hivyo. Kati ya Aswan, mpakani mwa Misri, na mahali ulipo mji wa Khartoum leo, kuna maporomoko sita ambapo mto unapasuliwa na miamba, na mashua hazipiti kwa urahisi. Miamba hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta wa Kushi. Napata, mji wao mtakatifu, ulikuwa chini kidogo ya maporomoko ya nne. Meroe, makao ya watawala, ulikuwa mbali zaidi, kati ya maporomoko ya tano na ya sita. Pembeni ni jangwa. Tulifuta ramani yote tukaanza upya, tukapanga miamba mahali sita na mchanga kulia na kushoto. Papo hapo mchezo ukabadilika. Jeshi la Roma lilibidi litembee, na anayetembea mchangani huchoka.

Tena Kushi haikuwa nchi ya kudharauliwa. Katika karne ya 8 na ya 7 K.K. wafalme wake waliitawala Misri nzima. Walijenga piramidi zaidi ya 200, ndogo kuliko zile za Misri lakini nyingi. Pale Meroe chuma kilifuliwa kwa wingi hata malundo ya taka zake yanaonekana hadi leo. Kwa sababu hiyo tuliiwekea Kushi machimbo ya kutosha upande wa kusini, na ng'ombe wengi.

Sasa tumwingilie Amanirenas mwenyewe. Anajitokeza katika historia akiwa mtu mzima, jina lake likitajwa pamoja na mfalme Teriteqas na mwanamfalme Akinidad. Mwaka wa 30 K.K. malkia Cleopatra alikufa na Misri ikawa mali ya Roma chini ya Augustus, yule Kaisari Augusto tunayemsikia kila Krismasi katika habari za kuzaliwa kwa Yesu. Ghafla Kushi ikapata jirani mpya, na jirani huyo alikuwa na nguvu za kutisha. Liwali wa kwanza wa Kirumi katika Misri, Cornelius Gallus, alipanda na jeshi hadi kisiwa cha Philae karibu na Aswan. Mwaka wa 29 K.K. akaandikisha juu ya jiwe, kwa lugha tatu, kwamba wajumbe wa Kushi wamekutana naye na mfalme wao amewekwa chini ya ulinzi wa Roma. Ulinzi! Kuku akiahidiwa ulinzi na kicheche, hana budi kujiuliza maswali.

Gallus huyo alikuwa mshairi mashuhuri pia, lakini majivuno yalimponza, akakosana na Augustus na kujiua. Liwali aliyemfuata alipewa amri ya kwenda kuivamia Arabuni ya kusini, akachukua sehemu kubwa ya askari waliokuwa Misri. Mpaka ukabaki mwepesi. Watu wa Kushi waliona na hawakulala. Karibu na mwaka wa 25 K.K. jeshi lao liliteremka na mto, likavishinda vikosi vitatu vya Kirumi na kuteka Aswan, Elephantine na Philae kwa ghafla. Waliangusha sanamu za Augustus na kuondoka na mateka. Hapa nisimpambe malkia wetu kupita kiasi. Wenyeji wa miji ile walifanywa watumwa ilhali hawakuwa na kosa lolote. Akipenda, chongo huita kengeza, lakini anayeandika historia hana ruhusa hiyo.

Na kweli alikuwa na chongo. Anayetuambia hivyo ni Strabo, Mgiriki aliyeishi wakati huo huo na kufika Misri. Anasema Kandake alikuwa mwanamke wa kiume na jicho lake moja lilikuwa limepofuka. Katika mchezo wetu tulimweka kama shujaa anayetembea na jeshi lake, maana hakuwa mtu wa kutuma wenzake kufa huku yeye akipepewa kivulini.

Kuhusu zile sanamu kuna kisa kitamu. Mnamo Desemba 1910 mchimbaji wa mambo ya kale aitwaye John Garstang alikuwa akifukua magofu ya Meroe. Chini ya ngazi za hekalu moja akakuta kichwa cha shaba cha Augustus, kikubwa kuliko cha mtu, macho yake ya kioo na mawe yangali yakitazama. Kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye sanamu na kuzikwa pale makusudi. Kila aliyepanda ngazi alimkanyaga Kaisari kichwani. Nalo jambo la ajabu ni kwamba kule kuzikwa ndiko kulikokihifadhi. Sanamu nyingi za shaba za Augustus ziliyeyushwa zamani, lakini kile kilichotiwa aibu kipo hadi leo katika British Museum mjini London.

Roma haikukaa kimya. Liwali mpya, Petronius, alitoka na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800. Strabo anasema watu wa Kushi walikuwa 30,000. Kompyuta yetu ingezimia kwa jeshi hilo, kwa hivyo tuligawanya kwa mia: askari 100 wa miguu na farasi 8 upande wa Roma, na askari 300 upande wa Kushi. Tulipojaribu, Kushi iliwameza Warumi kama siafu. Lakini katika historia Warumi walishinda. Tulikosea wapi?

Jibu lilikuwa katika silaha. Watu wa Kushi walikuja na ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng'ombe, wengine wakiwa na mashoka tu, wengine na mikuki mirefu, na wengine na panga. Warumi walikuwa wamevaa chuma, wamefunzwa kusimama safu kwa safu miaka nenda miaka rudi. Tukapunguza nguvu za askari wa Kushi mmoja mmoja. Lakini tukajiuliza pia juu ya ile hesabu ya 30,000. Strabo alikuwa rafiki wa liwali yule wa Arabuni, na mshindi hapungukiwi na sababu ya kuongeza idadi ya aliowashinda. Mwishowe tuliipa Kushi askari 200. Mimi naona tulitenda haki, ingawa siku ya kucheza kila mtu hulalamika kwamba upande wake umeonewa.

Petronius aliwasukuma nyuma hadi mji wa Pselchis. Huko walikutana kwa maneno kwanza. Petronius alidai mateka na sanamu zirudishwe, na akauliza kwa nini walianza vita. Wakajibu kwamba wamedhulumiwa na watawala wa wilaya. Wakaomba siku tatu za kushauriana. Siku tatu zikapita bila jibu, akawashambulia. Wengine walikimbilia mjini, wengine jangwani, na wengine wakaogelea hadi kisiwani katikati ya mto. Strabo anaeleza kwamba mamba hawakuwa wengi pale kwa sababu ya mkondo. Sisi wa Tana tunajua thamani ya habari kama hiyo! Lakini haikuwasaidia, kwani Warumi waliwafuata kwa mashua na kuwakamata.

Kutoka hapo Petronius alichukua ngome ya Premnis iliyojengwa juu ya mwamba, kisha akasonga hadi Napata. Amanirenas alikuwa karibu na hapo. Alituma wajumbe kuomba urafiki, na akaahidi kurudisha mateka na sanamu. Petronius alikataa. Akaiteka Napata, akaibomoa na kuwachukua watu wake utumwani. Mwana wa malkia aliponea chupuchupu. Mateka 1,000 walipelekwa kwa Augustus, wengine wakauzwa, na wengi wakafa kwa maradhi.

Mpenzi msomaji, hapa sina budi kusimulia jambo ambalo lilitokea kati yangu na rafiki yangu. Siku tuliyojaribu sehemu hii, zamu yangu ilikuwa kuwa Mrumi. Yeye aliomba amani kama Kandake alivyoomba. Mimi nikakataa kama Petronius, nikaichoma Napata nyumba kwa nyumba huku nacheka. Alichukia. Akasema neno juu ya watu wa kwetu na mifugo yao. Mimi nami nikamjibu kwa neno juu ya watu wa kwao na mashamba yanayoziba malka, zile njia za kupeleka ng'ombe mtoni kunywa. Chumba kizima kikanyamaza. Hakuna asiyejua kilichotokea katika wilaya hii ya Tana Delta mwaka wa 2012 hadi mwanzo wa 2013. Zaidi ya watu 100 waliuawa na nyumba zikateketezwa, wafugaji na wakulima wakigombania maji, malisho na ardhi. Sisi tulikuwa watoto wadogo hata hatukumbuki vizuri, lakini maneno yale tulikuwa nayo tayari mdomoni. Tuliyatoa wapi? Nyumbani, bila shaka. Juma zima hatukusalimiana. Tukipishana mlangoni kila mmoja anatazama miguu yake.

Juma hilo nilibaki peke yangu na Amanirenas, nikamsoma hadi mwisho. Na mwisho wenyewe ndio ulionishangaza.

Baada ya kuibomoa Napata, Petronius hakusonga mbele. Joto na mchanga vilimshinda. Akarudi nyuma, akaiimarisha ngome ya Premnis, akaacha humo askari 400 na chakula cha miaka miwili. Ungedhani Kandake amekwisha. Mji mtakatifu umeteketea, watu wake wameuzwa, jeshi limevunjwa. Lakini alikusanya maelfu wengine na kuiendea ngome ile. Petronius alikimbilia huko akamtangulia, akaingia ndani na kuongeza ulinzi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta pale mawe ya duara ya kurushwa na mitambo ya Kirumi. Leo ngome hiyo inaitwa Qasr Ibrim, na imezungukwa na maji ya ziwa lililotokea baada ya bwawa kubwa la Aswan kujengwa. Humo humo, mwaka wa 1978, kilipatikana kipande cha karatasi ya mafunjo chenye mashairi ya Cornelius Gallus, yule liwali mshairi. Mashairi yake mengine karibu yote yamepotea. Yaani askari fulani alibeba mashairi hadi kwenye mwamba ule wa jangwani! Wanachama wa Chama cha Kiswahili, mnasikia?

Basi wakatazamana pale Premnis, malkia nje na liwali ndani. Mmoja hana mitambo ya kubomoa ukuta, mwingine hana nguvu ya kurudi tena Napata, sembuse kufika Meroe. Kila mmoja angeweza kuendelea kuua na kuuawa. Amanirenas akatuma wajumbe kwa mara nyingine. Safari hii Petronius hakukataa, ila alisema waende kwa Kaisari mwenyewe. Wakajibu kwamba hawamjui Kaisari ni nani wala njia ya kwenda kwake. Hebu fikiria, na huenda kichwa chake kilikuwa tayari chini ya ngazi zao! Petronius akawapa watu wa kuwasindikiza.

Wajumbe wale walishuka Nile yote, wakavuka bahari hadi kisiwa cha Samos katika Ugiriki, alikokuwa Augustus. Ilikuwa kama mwaka wa 21 au 20 K.K. Na huyo Augustus, aliyeangushiwa sanamu, aliwapa yote waliyoomba. Hata kodi aliyokuwa amewatoza akaifuta. Roma ilibaki na kipande cha mto cha kama kilomita 120 kusini ya Aswan, na mpaka ukawa Hiera Sykaminos, kaskazini ya Premnis. Mpaka huo ulidumu zaidi ya miaka 300, hadi mwaka wa 298 B.K. Kaisari mwingine, Diocletian, alipowarudisha askari wake nyuma hadi Aswan. Kushi haikuwa mkoa wa Roma kamwe. Mahekalu ya Napata yalijengwa upya, na baada ya Amanirenas wakaja malkia wengine wenye nguvu, Amanishakheto na Amanitore. Pale mpakani biashara ikastawi.

Nilipofika hapo nilifunga daftari. Nikajiuliza ni nani aliyeshinda. Mchezo wetu unajua ushindi wa namna chache: kumwangamiza adui hadi nyumba ya mwisho, kumuua shujaa wake, kujenga jengo la ajabu, au kukamata masalia matakatifu. Kwa sheria hizo Amanirenas hana nafasi. Hakuishinda Roma. Wala Roma hawezi kuitwa mshindi, maana hakuipata Kushi. Walikubaliana tu, kila mmoja akiacha kitu, na vizazi kumi vikalala usingizi.

Kesho yake nilimngojea rafiki yangu chini ya mwembe. Nilimwomba radhi kwa lile neno langu. Naye akaomba radhi kwa lake. Halafu nikamweleza habari za Samos, tukaketi papo hapo kutunga sharti la mwisho la pambano letu. Kwa kuwa hatujui kuiandikia kompyuta sheria mpya, tuliiandika kwenye karatasi. Inasema hivi: zikipita dakika 40, ikiwa ngome ya Premnis ingali imesimama na Kandake yu hai, wachezaji wote wawili waache kompyuta na watoke nje hadi chini ya mwembe, ambao tumeuita Samos. Kila mmoja aandike anachotaka na atakachoacha. Wakikubaliana kabla ya kengele, wote wawili wameshinda. Kengele ikilia hawajakubaliana, wote wawili wameshindwa, hata kama mmoja ana askari mia.

Jozi saba za wanafunzi zimekwisha kucheza. Nne zilikubaliana. Mbili zilibishana hadi kengele ikalia, na hadi leo kila mmoja anadai alikuwa akielekea kushinda. Jozi ya saba, vijana wa Kidato cha Kwanza, walipatana kwa dakika tatu kwa sababu walikuwa na njaa na nyumbani ni mbali. Tuliwapa ushindi vilevile. Nadhani amani nyingi duniani zimepatikana kwa njia hiyo hiyo.

Kabla sijamaliza nitaje jambo moja linalonisikitisha. Mwaka wa 1914 Garstang yule yule alipata huko Hamadab, karibu na Meroe, jiwe kubwa lenye maandishi, na juu yake mna majina ya Amanirenas na Akinidad. Huenda malkia mwenyewe anasimulia vita vyake. Herufi zake zinasomeka tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kazi ya Mwingereza Francis Llewellyn Griffith, lakini lugha yenyewe ilikufa, na maana ya sehemu kubwa ya maneno haijulikani. Ndiyo maana habari zote nilizokusimulia za vita hivi zinatoka upande mmoja, upande wa wenye ngome. Maneno ya Kandake yapo pale, yanatamkika, ila hayaeleweki. Enyi wenzangu, tunapocheka lugha za nyumbani kwetu, Kipokomo na Kiorma, na kuona haya kuzisema hapa shuleni, tulikumbuke jiwe la Hamadab.

Watu husema Amanirenas ni mashuhuri kwa sababu alipigana na Roma. Wengi walipigana na Roma. Mimi namheshimu kwa sababu, baada ya kukataliwa amani pale Napata na kuonyeshwa majivu, alikuwa bado na moyo wa kutuma wajumbe mara ya pili, na jeshi likiwa nyuma yake. Kutuma mara ya kwanza ni rahisi. Mara ya pili, huku umeumia, ndipo pana kazi. Mimi niliweza hatua kumi tu kutoka darasani hadi mwembeni, na miguu ilinitetemeka.

Mchezo wetu umo katika kompyuta ile iliyo karibu na dirisha, na karatasi ya sheria imebandikwa ukutani. Karibuni mcheze, walimu pia. Mkipenda kuwa Warumi, hatuwakatazi. Ila dakika 40 zikipita, tokeni nje mkaketi chini ya mwembe.

Kwa hayo machache naweka kalamu yangu chini. Wasalaam.